Maisha ya Siti binti Saad wa Unguja

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini wa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi kwa asili, na mama yake alikuwa Mzigua. Lakini wote wawili walizaliwa papo hapo Unguja. Kazi za jamaa zao zilikuwa mbili, kulima na kufinyanga vyombo vya udongo, na hapana kati ya kazi hizo iliyompa mtu utajiri wala sifa katika kisiwa ambacho heshima yake yote ilikuwa katika mashamba ya karafuu, majumba ya mawe na nasaba.

Jina la Siti hakuzaliwa nalo. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Jina hilo lisimshangaze msomaji wa leo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, katika zama za Seyyid Barghash, kwa mkataba uliofanywa na Waingereza. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufunguliwa kwa watu. Walionunuliwa zamani walibaki mashambani, na wana wao walizaliwa wakiitwa wa fulani na fulani, mpaka Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Wakati huo Mtumwa binti Saad alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Kwa hiyo utoto wake wote ulipita katika zama ambazo jina lake lilikuwa ni tamko la hali ya watu wengi waliomzunguka, si neno tupu. Katika nchi ya West Nile jambo kama hili halihitaji maelezo marefu. Miongoni mwa Waislamu wa Arua na Koboko wako ambao wazee wao waliingizwa katika jeshi la Kimisri hali ya kuwa mateka, wakapewa majina, lugha na kazi wasizozichagua, na watoto wao wakajenga juu ya msingi huo nyumba za heshima.

Mtumwa hakupelekwa skuli, wala hakupelekwa chuoni kama walivyopelekwa watoto wa wenye uwezo. Elimu aliyoipata kwanza ni ya udongo. Alijifunza kufinyanga kwa kuwatazama wakubwa: kuuchimba udongo, kuuchambua mawe na mizizi, kuuponda na kuukanda hata ukawa laini, kuuinua kwa vidole mpaka ukasimama chungu, kuukausha kivulini usipasuke, kisha kuuchoma. Aliyewahi kumwona mwanamke akiingia sokoni Arua na vyungu kichwani anaijua kazi hiyo ilivyo. Kutengeneza ni nusu yake. Nusu ya pili ni kuvifikisha vyombo mjini pasipo kuvunjika, na nusu hiyo haina malipo.

Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mtumwa aliubeba mzigo wake kichwani akaja mjini, akapita vichochoroni akinadi, na kunadi kwake kulikuwa kuimba. Husimuliwa kuwa watu waliitambua sauti yake kutoka mbali kabla hawajamwona mwenyewe. Mara nyingi watu hulisimulia jambo hili kwa wepesi, kana kwamba sauti ilikuwa bahati iliyoanguka kutoka mbinguni. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kutoa, hapana shaka. Lakini kifua chenye pumzi ya kuimba chini ya mzigo wa vyungu katika jua la mchana kilipata mazoezi ambayo hapana mwalimu wa muziki awezaye kuyatoa.

Aliolewa, akapata mtoto wa kike, na ndoa ile ikavunjika. Mambo haya matatu yamesemwa hapa kwa sentensi moja, lakini ndiyo yaliyomweka katika njia panda. Mwanamke wa shamba aliyeachwa, mwenye mtoto, asiye na elimu, asiye na ardhi yake mwenyewe, alikuwa na milango michache ya kubisha. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa amekaribia kutimiza miaka thelathini au ameivuka kidogo, umri ambao wanawake wengi wa wakati ule walikuwa wamekwisha kukata shauri kuwa maisha yao yatakuwa hivyo hivyo yalivyo mpaka mwisho.

Mji wa Unguja wa siku zile ulikuwa miji miwili iliyotengwa na hori la maji. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, milango ya nakshi, jumba la Sultani, ofisi za Waingereza na maduka ya Wahindi. Upande wa pili ulikuwa Ng'ambo, wenye nyumba za miti na udongo na mapaa ya makuti, na huko ndiko walikojaa wachukuzi, wapishi, mafundi, madobi, wavuvi na watu waliotoka mashambani baada ya mwaka 1897 kutafuta maisha yasiyo na bwana. Ng'ambo ilikuwa mahali pa watu kujibadilisha. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, kitambaa cheusi cha kazi kilichokuwa alama ya utumwa, waliiacha wakavaa kanga za rangi. Na waliozuiwa zamani kujifunika kama mabibi wenye nasaba walianza kuvaa buibui. Nguo ile ilikuwa hati ya uhuru iliyoweza kusomwa na kila mtu, hata asiyejua herufi. Mwenye kuifahamu habari hii ya kaniki na buibui ataifahamu vizuri habari ya Siti, maana baadaye maadui zake walimshambulia kwa nguo.

Yafaa sasa kusema kidogo juu ya taarabu. Muziki huo uliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri, na husemwa kuwa alimpeleka kijana Mohammed bin Ibrahim huko Cairo kujifunza kuipiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao wenyewe, Ikhwani Safaa, maana yake ndugu wenye nia safi, wakaagiza ala na kujifunza. Lakini taarabu ile ilikuwa ya wanaume, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakuelewa maneno. Walisikiliza sauti, wakatikisa vichwa kwa adabu. Ng'ambo kulikuwa na ngoma nyingi za Kiswahili na wanawake wengi wenye kuimba, ila ngoma hizo hazikuhesabiwa kuwa kitu katika majumba ya mawe. Pande mbili za hori zilikuwa na masikio mawili.

Mtu mmoja wa Ikhwani Safaa aliisikia sauti ya mwanamke wa Fumba, akatambua kuwa kitu adimu kimepita mlangoni. Alimfundisha kuimba kwa Kiarabu na kuzifuata ala, akamjulisha kwa wenziwe. Mjini humo pia mwanamke huyu alijifunza kuisoma Qur'ani kwa sauti na kwa mpango wake. Hakuwa na elimu ya kuandika. Kila alichojifunza alikitia kichwani kwa masikio na kukihifadhi, kama walivyofanya masahaba wengi na kama wafanyavyo watoto wa chuo mpaka leo. Hapa yafaa kusimama kidogo. Watu wamezoea kumwita Siti mjinga aliyejaliwa sauti. Mtu mwenye nyimbo zisizo na idadi katika kifua chake, za Kiswahili, za Kiarabu na hata za Kihindi, aliyeweza kuzitoa usiku kucha bila kupotea beti, haitwi mjinga. Huitwa hafidhi wa fani yake.

Ndipo lilipokuja jina jipya. Mjini aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina la Mtumwa likaachwa. Katika maisha ya watu wakubwa majina hubadilika kwa cheo au kwa urithi. Lake lilibadilika kwa kazi.

Pamoja naye walikusanyika wanaume wanne ambao majina yao yastahili kutajwa kila litajwapo lake: Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi Talsam aliyetoka Mombasa na ambaye hakuwa na macho ya kuona, Budda bin Swedi, na Mwalimu Shaaban. Ala zao zilikuwa udi, fidla, kanuni na dafu. Walikutana nyumbani, wakazungumza habari za mji, na katika mazungumzo hayo nyimbo zikazaliwa. Mmoja alileta habari, mwingine alipata mstari, mwingine sauti yake, na Siti akaupima wimbo mzima kwa koo lake. Si rahisi leo kusema beti hii ni ya nani na ile ni ya nani, na pengine wao wenyewe hawakujali. Jambo lililo wazi ni kuwa waliutoa muziki wa Kiarabu katika Kiarabu, wakautia katika Kiswahili cha Ng'ambo, na tangu siku hiyo msikilizaji wa taarabu hakutikisa kichwa kwa adabu tu bali kwa kufahamu.

Mlango wa Siti ulikuwa wazi kwa majirani. Usiku, baada ya kazi na baada ya sala ya isha, watu wa mtaa walikuja kusikiliza, wakakaa ndani na nje. Siku nyingine aliitwa katika majumba makubwa, katika harusi za Waarabu na karamu za matajiri wa Kihindi, na hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub. Binti wa mfinyanzi aliyeleta vyungu kwa mlango wa nyuma sasa alikaribishwa ukumbini. Wala hakuiacha Ng'ambo kwa kukaribishwa huko.

Sifa haiji peke yake. Wapinzani walijitokeza, na kwa kuwa hawakuweza kuishinda sauti waliushambulia mwili na asili. Walieneza wimbo wa kumdhihaki, wakiuliza lini mtu kama yeye alipata kuwa mtu, naye alikuja mjini na kaniki. Walisema hana uzuri wa sura, hana ukoo, hana chochote ila koo. Tusi hilo halikuwa la Siti peke yake. Kila mkazi wa Ng'ambo ambaye mama yake au bibi yake aliivaa kaniki alilisikia, akajua kuwa limemgusa yeye. Siti angaliweza kunyamaza, na angaliweza pia kujitungia nasaba ya uongo, kama walivyofanya wengine wengi katika miaka ile. Hakufanya lolote katika hayo mawili. Alijibu kwa wimbo, akakubali kuwa hana sura wala ukoo wa kujivunia, akauliza uzuri na ukoo vina faida gani kwa mtu asiye na akili na utu. Jibu lile likaimbwa kuliko tusi lenyewe, na mwisho watu wakaukumbuka wimbo wa kumtukana kwa sababu ya majibu yake tu.

Lilikuwako pia neno zito zaidi kuliko dhihaka, nalo halifai kufichwa katika kitabu cha Waislamu. Wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya ala za muziki, na juu ya mwanamke kuimba mahali penye wanaume. Wako waliokataza kabisa, wako walioruhusu kwa masharti, na Unguja, mji uliojaa maulamaa wa Kishafii na wa Kiibadhi, haikukosa wa rai zote hizo. Siti aliishi katikati ya hitilafu hiyo. Aliimba akiwa amejifunika nguo za heshima, na wengine husimulia kuwa alivaa barakoa usoni. Maadui walisema ni kwa kuficha sura. Lakini mwanamke wa asili yake, ambaye miaka michache kabla ya hapo asingeruhusiwa kujifunika, alipojitanda mbele ya watu alikuwa akidai daraja aliyonyimwa. Na pia alikuwa akiwaambia wasikilizaji kuwa wamekuja kusikiliza, si kutazama. Hukumu ya matendo ya waja iko kwa Muumba wao. Katika historia ya mji ule, mwanamke huyu aliweka mpaka wake mwenyewe katika kazi ambayo wengi waliamini haina mpaka.

Tena hakuwa wa kwanza katika wanawake wa Kiislamu wa pwani kuacha maneno yaliyodumu. Mwana Kupona binti Msham, mke wa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na utendi huo haujasahauliwa. Ila Mwana Kupona alikuwa bibi wa nyumba kubwa, mwenye kalamu na karatasi, naye alisema na binti yake chumbani. Siti alikuwa binti wa watu waliotoka utumwani, hana kalamu, naye alisema na mji mzima.

Na mji mzima ulikuwa na mengi ya kusemwa. Nyimbo nyingi za Siti na wenziwe zilikuwa za mapenzi, zenye mafumbo ya kikwetu, na hizo zilipendwa kama zipendwavyo kila mahali. Lakini ziko nyimbo za namna nyingine, na hizo ndizo zilizomfanya kuwa mama wa watu wake. Waliimba juu ya mume mwenye kumpiga mkewe. Waliimba juu ya mtu mwenye kazi ya serikali aliyetumia kalamu yake kuwadhulumu wasiojua kusoma, mpaka siku ilipofika naye akahukumiwa na kufungwa kama mwizi mwingine yeyote. Na hebu mtu afikirie furaha ya wachukuzi wa Ng'ambo kusikia habari ile ikiimbwa na mtu ambaye naye hakujua kusoma.

Wimbo uliochoma zaidi ni ule wa Kijiti. Habari yake ilikuwa ya kweli. Mwanamke mmoja mjamzito alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam kutembea. Wanawake wenyeji walitoka naye kwenda katika starehe ya usiku, na mtu aitwaye Kijiti akamtendea uovu kisha akamuua. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Mahakama ya Waingereza ikabaki na wale wanawake wawili, na adhabu ikawashukia wao. Mwenye kuua alikuwa huru, walioitwa kutoa ushahidi wakawa wafungwa. Magazeti ya wakati ule hayakuwa ya watu wa Ng'ambo, na baraza za serikali hazikuwa na kiti cha mwanamke wala cha mtu wa asili ya utumwa. Wimbo ndio uliokuwa gazeti na baraza. Siti alipoimba habari ya Kijiti alimtaja mwuaji kwa jina, akamlilia marehemu na mtoto wa tumboni mwake, na akawaacha wasikilizaji waihukumu hukumu yenyewe. Miaka karibu mia imepita na jina la hakimu halikumbukwi na mtu. Jina la Kijiti lingali likitajwa kwa laana.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenziwe kwenda Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo zao katika sahani. Katika siku zile vyombo vya kunasia sauti vilikuwa vizito na mafundi wake wachache, na iliwafaa wenye kampuni kuwaleta waimbaji kwenye vyombo kuliko kuvipeleka vyombo kwa waimbaji. Wakapanda meli, wakaivuka bahari ile ile ambayo majahazi ya karafuu, tende na, katika zama za huzuni, ya watumwa yalikuwa yakiivuka. Siti huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri.

Kazi ya huko ilikuwa ngeni kwao. Upande mmoja wa sahani uliweza kuchukua dakika tatu na kidogo tu. Wimbo uliozoea kukaa nusu ya usiku, ukirudiwa na kuongezwa beti kadiri watu walivyoupenda, ilibidi ukatwe, au ugawanywe pande mbili, na kuimbwa chumbani bila hata mtu mmoja wa kuitikia. Sahani zenyewe zilifanywa kwa kitu cha jamii ya lakiri, kitokanacho na wadudu wa miti ya Bara Hindi, ngumu na rahisi kuvunjika. Mfinyanzi wa Fumba alijua tabia ya vyombo kama hivyo.

Biashara ile ilifaulu kuliko walivyotazamia wenye kampuni. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 makumi ya maelfu ya sahani za Kiswahili yalikuwa yamekwisha kuuzwa, na sauti ya Siti ilisikika katika mikahawa ya Unguja, ya Mombasa na ya Dar es Salaam, ikaingia bara kwa reli na kwa mizigo ya wafanyabiashara. Asiyeweza kununua santuri alikaa nje ya mkahawa akasikiliza kwa bei ya kikombe cha kahawa, au bure. Kampuni nyingine ziliona, zikaja Afrika Mashariki kutafuta waimbaji wao. Kundi la Siti lilitia sauti zaidi ya mara moja, na watu wa bara ambao hawajapata kuiona bahari walijifunza kwa sahani hizo maneno ya Kiswahili cha Unguja. Katika pande za Uganda, ambako Kiswahili kilifuata askari, wachuuzi na walimu wa dini, na ambako wengi walikichukulia kuwa lugha ya amri na ya soko, ilikuwa ajabu njema kuisikia lugha hiyo ikitumiwa kulia, kubembeleza na kudai haki.

Katika uzee wake Siti alikuwa amekuwa bibi kwa maana zote mbili za neno, mwenye wajukuu na mwenye heshima. Waimbaji wachanga walikuja kumsikiliza. Mmoja wao alikuwa msichana Fatuma binti Baraka, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bi Kidude, ambaye alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, kama Siti mwenyewe alivyojifunza za wengine. Siti hakuwafungulia wanafunzi skuli. Aliimba, na mlango haukufungwa.

Alijaliwa pia jambo moja ambalo watu wachache wa namna yake hulipata. Marehemu Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Kiswahili, alionana naye katika siku zake za mwisho akamsikiliza akisimulia maisha yake, kisha akayaandika katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kama si kukutana huko, mengi ya utoto wa Fumba yangalizikwa. Kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi wengi katika skuli za Tanzania, na hivyo mwanamke asiyejua herufi akawa somo la kusoma.

Siti binti Saad alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa miaka sabini hivi. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe na amweke mahali pema.

Bi Kidude aliishi mpaka tarehe 17 Aprili 2013, na mpaka uzeeni kabisa aliziimba nyimbo za Siti katika nchi za Ulaya na Asia, akiwa hana viatu miguuni, mbele ya watu wasiojua Fumba iko upande gani wa dunia. Chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, kilipoanzisha jarida lake kuhusu haki za wanawake kiliita Sauti ya Siti. Na katika ukoo wake mwenyewe fani haikukatika. Kitukuu chake, Siti Muharam, aliyepewa jina lile ambalo bibi yake alilipata kwa kazi, alizichukua nyimbo za bibi huyo akaziimba upya kwa udi, kanuni na dafu, na sahani yake ikatoka mwaka 2020 ikiwa na jina la Siti wa Unguja.